Fremu ya mianzi imepasuka na safari ndefu inakaribia: tuijadili hapa kwa kina

MsafiriMwepesi (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu.

Nina baiskeli ya mianzi iliyojengwa kwa mkono na rafiki yangu nyumbani kwake. Aliiendesha miaka kadhaa, kisha akanikabidhi. Naipenda kwa dhati. Kwenye barabara mbovu inapokea mitikiso kwa upole ambao fremu ya alumini niliyokuwa nayo haikuwahi kunipa.

Baada ya wiki tatu nina safari ya siku nyingi, mzigo nyuma, na sehemu kubwa ya njia ni changarawe. Nilipokuwa naiosha nikaona ufa kwenye bomba la chini, lile la mshazari linalotoka kwenye usukani hadi kwenye pedali. Una urefu wa kama sentimita 14 na umefuata urefu wa mwanzi, haukuzunguka. Juu umeanzia karibu na fundo, chini umeishia kabla ya kiungo. Jambo la pili ni kwamba nikipanda kilima kuna mlio chini kwenye pedali, kila ninapokanyaga upande wa kulia.

Viungo vyote vimezungushiwa nyuzi nyeusi, nadhani ni kaboni. Bomba fupi la pedali lililofichwa ndani ni la alumini.

Naomba mnisaidie: nizungushie gundi na nyuzi niondoke, au niahirishe?

---

FundiPingili

Mkuu, asante kwa kueleza vizuri. Wengi huleta picha ya ufa tu na swali la maneno matatu.

Nakwambia mapema ninavyoliona: ufa ndio umekushtua, lakini mimi umenishtua mlio. Tuanze na ufa, maana ndio mwepesi.

Nyuzi za mwanzi zimelala zote kwa urefu, na zile ngumu zaidi zimesongamana upande wa nje wa ukuta. Ndiyo maana mwanzi ukivutwa kwa urefu una nguvu ya ajabu, lakini kupasuka kwa urefu ni rahisi, kwa sababu hakuna nyuzi zinazokatisha kuushikilia. Mara nyingi ufa wa namna hiyo hauletwi na uzito. Unyevu ndio unaouleta. Vanishi ikichakaa mwanzi hunywa maji ukavimba, kisha ukikauka haraka ukuta unasinyaa kwa mzunguko kuliko unavyosinyaa kwa urefu, na ngozi ya nje inaachia. Kwa hiyo tafuta sehemu ambayo vanishi imetoka. Usipoiziba hiyo, utakarabati ufa mmoja na mwingine utakuja.

Usidanganyike lakini kwamba kwa kuwa haukuzunguka basi hauna neno. Bomba la chini husokotwa kila unapokanyaga pedali na kila unapovuta usukani. Kunja karatasi iwe bomba bila kuibandika, ushike ncha mbili uisokote. Kisha ibandike gundi, isokote tena. Tofauti utakayoisikia mikononi ndiyo tofauti ya fremu yako ufa ukiwa umepenya ukuta wote na ukiwa umezibwa.

Kabla ya kununua chochote, fanya vipimo hivi utuletee majibu:

Weka alama ya penseli ncha zote mbili za ufa. Pitisha waya mwembamba uone kama unaingia hadi kwenye uwazi wa ndani. Binya bomba kwa viganja viwili uone kama ufa unajifunga.

Chukua sarafu, gonga kila kiungo taratibu, sentimita kwa sentimita. Mahali pazima pana mlio mkavu na mkali. Mahali ambapo tabaka zimeachana, au nyuzi zimeachia mwanzi, mlio unakuwa mzito na wa chini. Zungushia penseli.

Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku kidole kikiwa kwenye mshono wa kiungo cha usukani. Halafu toa mnyororo, shika krenki zote mbili (mikono inayobeba pedali), sukuma kulia na kushoto. Kama kuna mchezo, tofautisha: ni ekseli inayocheza ndani ya vikombe vya gololi, au ni bomba fupi zima linalocheza ndani ya kiungo? La kwanza ni kazi ya spana. La pili ni habari nyingine.

---

Kanyagia

Mnamtisha bure. Zungushia faibaglasi na resini ya poliesta ile ya kuzibia mashua, siku moja kazi imekwisha. Ila kusema ukweli mwanzi si kitu cha safari ndefu, ni cha kwenda na kurudi mjini.

---

FundiPingili

Kanyagia, heshima yako, lakini hapo nakataa mara mbili.

Poliesta hushikana vibaya na mwanzi na husinyaa sana inapokauka. Kwa mashua ambayo yote imejengwa kwa poliesta ni sawa. Kwa kushika mwanzi na metali tumia epoksi, ile gundi ya kuchanganya resini na kigumishi.

Kuhusu safari ndefu: baiskeli za mianzi zilikuwa zikiuzwa Uingereza tangu 1894. Katika miaka ya 1990 Craig Calfee, mjenzi wa fremu za kaboni huko California, akalifufua wazo hilo, na baadaye Ghana watu wakaanzisha karakana za kuzijenga. Mwingereza Kate Rawles aliijenga ya kwake mwenyewe akashuka nayo Amerika Kusini hadi kusini kabisa, safari ya zaidi ya kilomita 12,000. Mwanzi uliokomaa, ukakaushwa vizuri, ukafungwa vizuri, unafika. Kinachoamua ni viungo.

---

BintiUpepo

Nakazia kwa FundiPingili. Naongeza jambo moja kwa mleta uzi: angalia pia vitundu vidogo vyenye unga laini kama wa ngano ukidondoka. Mwanzi una wanga ndani, na wadudu wanaubungua kwa sababu hiyo. Mwanzi uliovunwa ukiwa mchanga, au usiotiwa dawa ya boraksi, ndio wanaoupenda. Ukikuta bomba limebunguliwa hakuna cha kuzungushia, hilo bomba linatolewa lote.

---

MsafiriMwepesi

Wakuu, nimefanya vyote.

Ufa: waya unaingia hadi ndani, kwa hiyo umepenya ukuta. Nikibinya unajifunga karibu wote, unabaki mwembamba sana. Haujafika kwenye kiungo, umebaki kama vidole vitatu. Vitundu vya wadudu hakuna. Vanishi upande wa chini wa bomba imekwaruzwa na mawe, mwanzi uko wazi.

Viungo: cha usukani kinalia kikavu kote. Cha tandiko pia. Kile cha pedali, upande wa kulia kwa chini, kinalia kizito eneo la upana wa kiganja. Nikisukuma krenki, bomba fupi zima linacheza kidogo. Nimefungua vikombe vya gololi, na kwenye ukingo ambapo alumini inakutana na nyuzi nyeusi kuna unga mweupe. Nikiukwangua kwa ukucha unatoka.

Huo unga ni nini?

---

BintiUpepo

Ndugu yangu, huo ndio ugonjwa wenyewe.

Nyuzi za kaboni zinapitisha umeme. Zikigusana na alumini, halafu maji au jasho lenye chumvi likaingia katikati, unapata betri ndogo: alumini inaliwa, kaboni haiguswi. Unga mweupe ni alumini iliyoliwa. Unajikusanya chini ya gundi na kuisukuma mpaka inaachia. Mjenzi anatakiwa kuweka tabaka la kitambaa cha glasi juu ya alumini kabla ya kaboni, kwa sababu glasi haipitishi umeme. Hapo inaelekea halikuwekwa, au lilikuwepo likapasuka.

---

Kanyagia

Sawa, hilo la poliesta nimelipokea. Lakini kiungo hicho hawezi kutoboa vitundu viwili akapulizia epoksi kwa bomba la sindano ikajaa ndani? Kukata kiungo kizima wiki tatu kabla ya safari naona ni kujitafutia balaa.

---

FundiPingili

Swali zuri, na ndilo linalowagawa mafundi. Kama nyuzi zingekuwa zimeachia mwanzi tu, sehemu ndogo, kavu na safi, ningekubali sindano. Nimeona ikishika vizuri kwenye vibati vya nyuma, vile vinavyoshika ekseli ya gurudumu.

Hapa hapana. Epoksi mpya itashikana na ule unga, na unga haujashikana na kitu. Itaziba mlio, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu dalili inaondoka na ugonjwa unabaki. Kiungo cha pedali ndicho kinachobeba nguvu za miguu yote miwili, na kinaunganisha mabomba manne. Kikiachia ukiwa unapanda kilima utasikia na kusimama. Kikiachia ukiwa unashuka na mzigo, sitaki kuliandika.

Kwa hiyo ushauri wangu: kiungo cha pedali kifunguliwe na kujengwa upya, na ufa uzibwe wakati huohuo. Wiki tatu zinatosha ukianza wiki hii. Usipoanza wiki hii, ahirisha.

Nakuandikia kwa mpangilio wa kazi. Chukua muda kusoma.

Ubao wa kubania. Hili watu huliruka. Ukishakata kiungo cha pedali, mabomba yatahama hata kwa milimita chache na hutajua. Tafuta ubao mnene ulionyooka, au mbao mbili nene zilizofungwa pamoja. Bana bomba la usukani kwa boliti ndefu na vipande vya mbao vilivyochongwa mteremko pande zote mbili. Bana bomba la tandiko. Bana vibati vya nyuma kwenye ekseli au fimbo ya skrubu, ukitunza upana wa habu yako, yaani kitovu cha gurudumu (130 au 135 milimita ndizo za kawaida, pima yako). Kisha weka fimbo iliyonyooka ndani ya bomba fupi la pedali na uwekee vishikizo vyake kwenye ubao, ili liking'oka urudishe lingine palepale.

Kabla ya kukata pima kwa uzi: funga uzi kwenye kibati cha nyuma cha kulia, uzungushe mbele ya bomba la usukani, urudi kwenye kibati cha kushoto. Uvute ukaze. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la tandiko, kulia na kushoto. Andika. Baada ya kazi utapima tena, na tofauti isizidi milimita mbili.

Kukata. Barakoa ya vumbi inayokaza usoni, miwani, glavu, nguo za mikono mirefu. Vumbi la kaboni linachoma ngozi na si la kuvuta. Lowesha unapopiga msasa. Pasua kiungo kwa msumeno wa meno madogo, mistari miwili kwa urefu wa bomba fupi, ukiishia kwenye alumini bila kugusa mwanzi. Mashine ya hewa moto inasaidia, maana epoksi iliyokaukia kwenye joto la kawaida huanza kulainika kati ya nyuzi joto 50 na 60. Usielekeze hewa kwenye mwanzi, utapata nyufa mpya. Upande ule ulioachia utatoka wenyewe.

Usiondoe nyuzi zote za zamani. Zile zilizoshika mwanzi imara ziache, zipunguze tu kwa mteremko kuelekea katikati, na uzipige msasa mpaka zipoteze mng'ao wote. Epoksi mpya juu ya iliyokwisha kukauka haiungani kikemia, inashika mikwaruzo tu.

Bomba fupi. Kama alumini imeliwa mashimo, weka jipya. Ukipata la chuma ni bora zaidi kwa safari yako, uzito unaongezeka kidogo tu. Upana wa kawaida ni milimita 68, na kumbuka nyuzi za skrubu upande wa kulia zinakaza kinyume. Ufunge vikombe vya zamani vya gololi vikiwa vimepakwa grisi ndani ya skrubu, ili epoksi isiingie na bomba lisibinywe likapoteza duara. Grisi isifike nje. Tone moja juu ya sehemu ya kugandisha linaharibu kazi yote.

Kama unabaki na alumini: ipige msasa mkali, kisha ipake epoksi na uendelee kuipiga msasa ikiwa imelowa epoksi hiyohiyo. Alumini ikikutana na hewa hujifunika upya kwa utando wa oksidi papo hapo, kwa hiyo unaikwangua ikiwa chini ya gundi ili hewa isiiguse tena. Halafu zungushia tabaka mbili za kitambaa cha glasi, ukitokeza nje ya mahali kaboni itakapoishia.

Kuzungusha nyuzi. Kwanza jaza pembe kati ya mabomba kwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao mpaka iwe nzito isidondoke. Nyuzi hazipendi kona kali, zinaacha uwazi chini yake. Kisha zungusha kwa namba nane: toka bomba la chini, pita chini ya bomba fupi, panda bomba la tandiko, rudi. Kila jozi ya mabomba ipate zamu yake, na miguu miwili ya chini ya nyuma (mabomba yanayokwenda gurudumu la nyuma) usiipe zamu chache, ndiyo inayovutwa na mnyororo. Kila baada ya namba nane chache, zungusha duara kadhaa kwenye kila bomba ili kuzifunga. Vuta nyuzi zikaze muda wote. Maliza kwa hatua, kila tabaka ifike mbali kidogo kuliko iliyotangulia. Ukimaliza zote mahali pamoja unatengeneza ukingo mgumu, na mwanzi utavunjikia hapo.

Mwisho funika kwa nailoni nyembamba iliyotobolewa kwa sindano, juu yake zungushia mikanda iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu, ikazwe. Epoksi ya ziada itatokea kwenye vitundu. Hiyo ndiyo inakupa kiungo kisicho na mapovu ya hewa.

---

NyuziZaMkonge

Somo zuri sana. Niulize na kuchangia: kwa nini asitumie katani au kitani kwenye kiungo hicho badala ya kaboni? Nyuzi za mimea hazipitishi umeme, kwa hiyo ugomvi na alumini haupo kabisa. Fremu zangu zote nafunga kwa katani na zinabeba mizigo.

---

FundiPingili

Nakubaliana nawe kabisa, na kama ana katani nzuri aitumie. Masharti mawili. Ziwe kavu kweli, maana nyuzi za mimea hunywa unyevu wa hewa na unyevu huo unabaki ndani ya epoksi. Na kiungo kiwe kinene kuliko cha kaboni, kwa sababu katani inanyumbuka zaidi. Aangalie tu kwamba krenki na mnyororo vinapata nafasi ya kupita. Nimeona kiungo kizuri kimesagwa na krenki kwa sababu hakuna aliyepima.

---

BintiUpepo

Nizungumzie epoksi kidogo, maana kazi nyingi nzuri zinaharibikia kwenye kikombe.

Pima kwa mizani, si kwa macho. Soma maelekezo ya mtengenezaji kama uwiano wake ni wa uzito au wa ujazo, kwa sababu haviko sawa. Kuongeza kigumishi hakuharakishi. Kigumishi kilichozidi kinabaki bila mwenza, na gundi inakuwa laini daima. Changanya kidogo kidogo, kisha mimina kwenye sahani pana. Ikikaa nyingi kwenye kikombe inajipasha moto yenyewe na kuganda mkononi.

Epoksi za dakika tano ziache kabisa kwa viungo. Hazipendi maji wala joto.

Muda: kesho yake itakuwa ngumu kushikika, lakini nguvu kamili kwa epoksi nyingi huja baada ya kama siku 7 kwenye nyuzi joto 25 hivi. Kukiwa na baridi, muda unarefuka sana: kila nyuzi joto 10 zikipungua, kadiria muda mara mbili. Ndiyo sababu ya FundiPingili kusema anza wiki hii.

Na kabla ya tabaka la pili juu ya lililokauka, osha kwa maji na sifongo ngumu. Epoksi nyingi hutoa utando kama wa nta juu. Ukipiga msasa bila kuosha unausambaza tu.

---

MsafiriMwepesi

Nimeanza leo. Ubao upo, nimenunua bomba fupi la chuma, na katani nimepata. Sasa ufa wenyewe, ninaufungaje? Nimesoma mahali kwamba nitoboe kitundu kila mwisho wa ufa ili usiendelee.

---

FundiPingili

Kitundu mwishoni mwa ufa ni dawa ya metali na plastiki. Mwanzi unapasuka kati ya nyuzi na nyuzi, na ufa unaweza kukipita kitundu ukaendelea upande wake wa pili. Juu ya hapo umekata nyuzi zilizokuwa nzima. Mimi sitoboi. Nauzuia kwa kuzungushia.

Bomba likae kivulini, mahali pakavu penye hewa, siku chache. Si juani. Ugeuze fremu ufa uangalie juu. Pasha moto epoksi kidogo kwa kuweka chupa kwenye maji ya uvuguvugu, itakuwa nyepesi na itapenya. Ingiza kwa bomba la sindano ukianzia mwisho mmoja, uisubiri izame, ongeza, mpaka isizame tena. Sasa funga kwa mikanda ya tyubu mpaka ufa ujifunge. Kwa kuwa wako unajifunga kwa mikono, tyubu inatosha. Ungekuwa haujifungi nisingeruhusu uulazimishe kwa klipu za chuma, kwa sababu ukibana upande huu unapasua upande wa pili. Ufa mkaidi unajazwa ulivyo, kwa epoksi yenye unga wa mwanzi.

Ikikauka, osha, kisha piga msasa kuzunguka bomba. Hapa uwe mpole: ondoa ngozi ile inayong'aa tu, ambayo gundi haiipendi. Ukizidisha unaondoa nyuzi za nje, na hizo ndizo zenye nguvu kuliko zote. Zungusha katani kwa duara, si kwa urefu, kwa sababu kinachotakiwa ni kuubana mwanzi usifunguke. Ufunike ufa wote, upande wa juu uvuke fundo sentimita 5, na upande wa chini usiishie karibu na kiungo. Kwa kuwa umebaki vidole vitatu tu, ungana na kiungo kipya moja kwa moja. Tabaka tatu au nne nyembamba, ncha kwa hatua kama nilivyosema.

Mwishoni vanishi ya nje yenye kinga ya jua. Epoksi peke yake inachakazwa na jua ikawa ya njano na kupasukapasuka. Chini ya bomba, pale mawe yanaporuka, bandika kipande cha tyubu juu ya vanishi.

---

NyuziZaMkonge

Na rangi, mkuu. Kiungo cheusi kikiachwa juani mchana kinakaribia joto lile la kulainika. Apake rangi nyepesi, au angalau aegeshe kivulini.

---

MsafiriMwepesi

Wakuu, mrejesho.

Kiungo cha zamani kilipofunguka, bomba la alumini lilitoka kwa kuligonga kidogo kwa mpini. Upande wa kulia hapakuwa na gundi iliyoshika hata mahali pamoja, ni unga mtupu. Hakukuwa na glasi. Rafiki yangu nimemweleza, naye anakwenda kukagua baiskeli yake nyingine.

Kila kitu kimezungushwa. Uzi wa kupimia unaonyesha tofauti ya milimita moja. Krenki inapita vizuri pande zote mbili. Nimeiacha ikauke siku zake zote kabla ya kuigusa. Nimegonga kwa sarafu: mlio mkavu kote.

Naomba mpangilio wa kuijaribu, na vya kubeba njiani.

---

FundiPingili

Umefanya kazi ya kujivunia.

Jaribu kwa ngazi. Ukiwa umesimama: breki zote mbili zimeshikwa, panda juu ya pedali moja kwa uzito wako wote, kisha nyingine, huku mwenzako akiangalia kingo za kiungo. Halafu barabara laini bila mzigo. Halafu kilima, ukikanyaga kwa nguvu. Halafu changarawe na mzigo ule ule utakaosafiri nao, si pungufu. Baada ya kila ngazi rudi kwenye sarafu na kwenye alama za penseli. Ukiona mstari mweupe mpya kwenye ukingo wa kiungo, kwangua vanishi pale. Kama mstari unaisha na vanishi, ni vanishi tu. Kama unaendelea ndani, safari imesimama.

Kuhusu mzigo: vishikio vya keria usivikaze moja kwa moja juu ya mwanzi, weka mpira chini na uvifunge karibu na fundo, kwa sababu katikati ya pingili ukuta unabonyea. Mifuko ikae chini, kilo ngapi kulia ndizo kushoto. Matairi mapana kadiri fremu inavyoruhusu, upepo usiwe wa kupitiliza. Hilo linaiokoa fremu kuliko tabaka moja zaidi la katani.

---

BintiUpepo

Vya kubeba: mikanda ya tyubu mirefu, klipu nne za chuma za kubania mpira wa maji zinazoingia kwenye unene wa mabomba yako, vijiti viwili vya mbao ngumu vya kama sentimita 20, epoksi kidogo katika vichupa viwili, kitambaa cha glasi kilichokunjwa, msasa, glavu. Bomba likipasuka njiani unaweka tyubu, vijiti pande mbili, klipu juu, unatembea au kuendesha polepole hadi mahali pa kulala. Hiyo inakufikisha tu, haiwi ukarabati.

---

Kanyagia

Nimejifunza sana hapa. Swali langu la mwisho: akinyeshewa siku nzima, afanye nini jioni?

---

FundiPingili

Aifute, aiegeshe penye hewa mbali na moto, na atoe nguzo ya tandiko aigeuze fremu kichwa chini ili maji yaliyoingia kwenye bomba la tandiko yatoke. Huko ndiko maji yanakojificha, yanashuka moja kwa moja hadi kwenye kiungo cha pedali. Asubuhi kabla ya kupakia, sarafu kwenye kiungo hicho, jicho kwenye alama za penseli, kisha arudishe nguzo ikiwa na grisi kidogo kwenye mkono wa metali, yaani kipande cha bomba la metali inamoingia nguzo.

Mleta uzi, ukirudi tuandikie alama za penseli ziko wapi.